Bwana Ydnekatchew Tessema wa Uhabeshi

Sisi wapenzi wa mpira hapa shuleni hubishana bwenini kila jioni juu ya wafungaji hodari wa mabao. Lakini jina la Bwana Ydnekatchew Tessema sijalisikia likitajwa hata mara moja, nami naona si haki.

Alizaliwa mwaka 1921 huko Jimma, Uhabeshi. Baba yake alikuwa mtunzi na mwimbaji mashuhuri. Mwana akapenda mpira. Aliichezea klabu ya Saint George ya Addis Ababa na timu ya taifa, kisha akawa mwalimu wa timu hiyo.

Mwaka 1957 alikuwa mmoja wa walioasisi Shirikisho la Mpira la Afrika kule Khartoum. Nchi zilikuwa nne: Misri, Sudan, Uhabeshi na Afrika ya Kusini. Afrika ya Kusini haikukubali kuchanganya weupe na weusi katika timu moja. Basi ikawekwa nje. Uhabeshi, ambayo ilikuwa icheze nayo, ikaingia fainali bila kutoa jasho, na huko ikafungwa na Misri mabao 4 kwa 0. Deni hilo lililipwa baada ya miaka mitano.

Januari 1962 mashindano yalifanyika Addis Ababa. (Jirani zetu wa Uganda nao walikuwapo, wakawa wa nne.) Uhabeshi iliishinda Tunisia, ikakutana tena na Misri, bingwa wa mara mbili. Misri ilitangulia kufunga. Uhabeshi ikasawazisha, na papo hapo Misri ikafunga la pili. Zikiwa zimebaki dakika chache tu, nahodha Luciano Vassalo akasawazisha tena. Katika muda wa nyongeza Italo, ndugu yake Luciano, akafunga, na Mengistu Worku akamaliza kazi: 4 kwa 2.

Luciano alikuwa mtoto wa baba Mwitalia na mama wa Eritrea. Inasimuliwa kwamba wakubwa wengine hawakupenda kombe lipokewe na mtu mwenye jina la Kitaliano, maana Waitalia walikuwa wameikalia nchi kwa mabavu tangu 1936 hadi 1941. Bwana Ydnekatchew akakataa katakata. Luciano ndiye nahodha, naye ndiye aliyelipokea mikononi mwa Mfalme Haile Selassie. Kwangu mimi tendo hilo ni kubwa kuliko mabao yote manne.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho, akashika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1987. Miaka yote hiyo hakuacha kuipinga Afrika ya Kusini ya ubaguzi, ambayo ilifukuzwa katika FIFA mwaka 1976. Ilirudishwa mwaka 1992, na mwaka 1996 timu yake yenye wachezaji wa rangi zote ikatwaa kombe hilo hilo la Afrika. Yeye alikuwa kaburini mwaka wa tisa.