Alan Blumlein

Alan Dower Blumlein (29 Juni 1903 – 7 Juni 1942) alikuwa mhandisi wa elektroniki kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni sauti ya stereo. Kazi yake nyingine, ambayo haitajwi mara nyingi, imo ndani ya maelfu ya amplifaya za gitaa zinazotumia valvu.

Maisha ya awali

Alizaliwa Hampstead, London. Baba yake alikuwa Mjerumani aliyepata uraia wa Uingereza. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa binti wa William Dower, mmisionari wa London Missionary Society huko Afrika Kusini. Ni shirika lilelile lililofungua misheni Urambo, karibu na Tabora, enzi za Mtemi Mirambo.

Inasemekana alichelewa sana kujua kusoma vizuri, ingawa vifaa vya umeme alivielewa tangu utotoni. Alisoma Highgate School, kisha chuo cha City and Guilds, London.

Kazi

Mwaka 1924 aliajiriwa katika kampuni ya simu. Tatizo alilopewa lilikuwa mazungumzo ya laini moja kuvuja na kusikika katika laini nyingine kwenye simu za masafa marefu. Dawa yake ni kuziweka pande mbili za laini katika ulinganifu, na jambo hilo la ulinganifu halikumtoka tena kichwani.

Mwaka 1929 alihamia kampuni ya Columbia, ambayo mwaka 1931 iliungana na nyingine kuwa EMI. Inasimuliwa kwamba akiwa sinema alikerwa kuona mwigizaji yuko upande mmoja wa pazia huku sauti yake ikitoka upande mwingine. Desemba 1931 aliomba hataza ya stereo. Pia alishiriki kuunda televisheni ya mistari 405 ambayo BBC ilianza kuitumia Novemba 1936. Kwa jumla alipata hataza 128.

Jozi yenye mkia mrefu

Mwaka 1936 aliomba hataza ya sakiti ya valvu mbili ambazo kathodi zake zimeunganishwa na kushushwa ardhini kupitia rezista moja kubwa, yaani "mkia". Kwa kuwa mkia hupitisha mkondo usiobadilika sana, valvu moja ikiongezewa mkondo nyingine hupungukiwa. Blumlein aliihitaji kwa kazi ya televisheni: ilikuza tofauti kati ya nyaya mbili, na kelele iliyoingia kwenye zote mbili kwa kiasi kimoja ikafifia.

Watengenezaji wa amplifaya waliona faida nyingine. Amplifaya kubwa ya gitaa huwa na valvu za kutoa nguvu zinazofanya kazi kama wapasua mbao wawili wenye msumeno mmoja: huyu akivuta, yule analegeza. Kila upande lazima upewe mawimbi yenye ukubwa sawa lakini yaliyopinduana, na jozi ya Blumlein hutoa hayo kutoka sauti moja ya gitaa. Fender waliitumia katika Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na Jim Marshall wa London akaifuata kuanzia 1962.

Ulinganifu wake si kamili. Mkia halisi hupoteza kidogo, hivyo valvu ya pili hutoa mawimbi madogo kuliko ya kwanza. Ndiyo sababu Bassman ina rezista ya omu 82,000 kwenye anodi ya kwanza na omu 100,000 kwenye ya pili. Fundi akikuta amplifaya ya zamani inakwaruza, hupitisha mawimbi ya majaribio na kupima volti za AC kwenye anodi zote mbili. Zikitofautiana sana, mara nyingi rezista imezeeka au nusu mbili za valvu hazilingani. Tofauti ndogo huachwa, kwani wapigaji wengi hupenda ladha inayoongeza. Kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya, na kosa la kuzigusa linaweza kuua.

Blumlein mwenyewe hakutengeneza amplifaya ya gitaa, wala hakuishi kuona gitaa la umeme likienea duniani hadi kwa bendi kama Tabora Jazz.

Kifo

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya siri ya rada ya H2S, iliyowawezesha marubani kuona sura ya ardhi usiku na kupitia mawingu. Tarehe 7 Juni 1942 ndege ya Halifax iliyobeba mtambo huo wa majaribio ilishika moto na kuanguka karibu na Welsh Bicknor, Herefordshire. Watu wote 11 walikufa, wakiwemo wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen. Uchunguzi ulionyesha kuwa nati moja ya valvu ya injini haikukazwa. Blumlein alikuwa na umri wa miaka 38, na aliacha mjane, Doreen, na watoto wawili wa kiume.

Kwa sababu ya usiri wa rada, kifo chake hakikutangazwa wakati huo, na jina lake lilibaki gizani kwa miaka mingi, hata miongoni mwa mafundi waliotumia sakiti yake kila siku. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Grammy ya ufundi, miaka 75 baada ya kufa.