Semmelweis, mganga aliyepigania mikono safi ili wamama wasife wakizaa

Katika maternite za Lubumbashi, mkunga anapaswa kunawa mikono kabla ya kumgusa mama anayezaa. Tendo hilo dogo lilipiganiwa na mtu aliyekufa bila kusikilizwa.

Ignaz Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 mjini Buda, nchini Hungaria. Alisomea uganga mjini Vienna, Austria, na mwaka 1846 akaanza kazi katika hospitali kuu ya mji huo.

Hospitali ilikuwa na idara mbili za uzazi. Ya kwanza ilikuwa mikononi mwa waganga na wanafunzi wao, ya pili mikononi mwa wakunga. Mwaka huo, homa ya uzazi na magonjwa mengine viliua wamama zaidi ya 11 kwa kila 100 katika idara ya kwanza. Katika ya pili hawakufika 3. Wamama walijua hayo: wengine walilia wasipelekwe kwa waganga, wengine waliona heri kuzalia njiani.

Jibu lilikuja kwa msiba. Mwezi Machi 1847, rafiki yake Jakob Kolletschka alikatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa na dalili kama za wale wamama. Semmelweis akafahamu kwamba waganga, waliotoka kupasua maiti na kwenda kuzalisha, ndio waliobeba ugonjwa mikononi. Mwezi Mei akaagiza wote wanawe kwa maji ya klorini, dawa ya jamii moja na javel. Vifo vilivyozidi 18 kwa 100 mwezi Aprili vilishuka hadi karibu 2 mwezi Juni.

Wakubwa wengi hawakukubali kuambiwa kwamba mikono yao inaua. Mwaka 1849 alipoteza kazi, akarudi kwao. Kitabu chake cha mwaka 1861 kilidharauliwa. Mwaka 1865 alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na tarehe 13 Agosti akafa kwa kidonda kilichooza, akiwa na miaka 47.

Baadaye Louis Pasteur alionyesha mikrobi inayoleta homa hiyo. Hata leo mikrobi humwingia mama kupitia majeraha ya uzazi, na mtoto kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Mama mwenye homa baada ya kuzaa, au mtoto mchanga anayekataa kunyonya, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.