Armstrong: Aliyeipa dunia FM, akafa kabla ya kuipata haki yake

Na Mwandishi Wetu

JINA la Edwin Howard Armstrong halitajwi sana, ingawa kila afunguaye redio ya FM, awe Dar es Salaam au Nairobi, hufaidi matunda ya jasho lake.

Armstrong alizaliwa New York, Marekani, Desemba 18, 1890. Akiwa kijana huko Yonkers alijijengea mlingoti mrefu wa antena nyumbani kwao, ili anase mawimbi hafifu yatokayo mbali.

Wakati huo valvu, yaani kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa na chenye waya uwakao kama taa, ilikuwa imekwisha kubuniwa. Lee de Forest aliitia wavu mdogo wa kuongoza umeme mwaka 1906, lakini hata yeye hakuweza kueleza vyema namna ilivyofanya kazi.

Mwaka 1912 Armstrong, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliurudisha sehemu ya umeme uliotoka kwenye valvu hadi kwenye wavu huo, ukakuzwa tena na tena. Vituo vya mbali vilivyokuwa vikisikika kwa shida vikasikika waziwazi.

Aligundua pia kuwa urejeshaji huo ukizidi, valvu huanza kuzalisha mawimbi yenyewe. Hivyo kifaa kilekile kiliweza kupokea na kurusha matangazo.

Aliomba hataza Oktoba 1913, lakini de Forest alidai kuwa alimtangulia. Mvutano huo ulidumu takriban miaka 20, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipompa ushindi de Forest mwaka 1934.

Kwa uchungu, Armstrong alitaka kuirejesha medali aliyotunukiwa na taasisi ya wahandisi wa redio mwaka 1917. Wahandisi wenzake walikataa kuipokea, kwani kwao mgunduzi alibaki kuwa yeye.

Kesi hizo hazikumzuia kufanya kazi. Mwaka 1918, akiwa afisa wa jeshi mjini Paris, alibuni mfumo wa supaheterodaini, uliokuja kutumika katika redio nyingi duniani.

Desemba 1921 alikuwa miongoni mwa waendeshaji wa kituo cha redio ya ridhaa huko Greenwich, Connecticut. Mawimbi ya mtambo wao wa valvu yalivuka Bahari ya Atlantiki na kunaswa Scotland.

Mwaka 1933 alipata hataza za FM. Kwa kuwa mikwaruzo ya radi huathiri zaidi nguvu ya mawimbi, yeye alibeba sauti kwa kubadilisha masafa yake, na usikivu ukawa safi.

Lakini mwaka 1945 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliihamishia FM kwenye masafa mengine, na redio zilizokwisha kununuliwa zikakosa kazi. Mwaka 1948 aliishitaki kampuni ya RCA, iliyoongozwa na rafiki yake wa zamani, David Sarnoff, kwa kutumia uvumbuzi wake bila kumlipa.

Kesi hiyo ilimmaliza mali na afya, na ndoa yake ikayumba. Alijiua New York mwishoni mwa Januari 1954, akiwa na umri wa miaka 63.

Mjane wake, Marion, hakukata tamaa. Aliziendeleza kesi za FM dhidi ya kampuni moja baada ya nyingine, na ya mwisho aliishinda mwaka 1967, miaka 13 baada ya mumewe kuzikwa.