Seyyid Feisal bin Turki na Bunduki za Maskati

Seyyid Feisal bin Turki alitawala Maskati tangu 1888. Mapatano ya Brussels ya 1890 yalizuia bunduki kuingia sehemu kubwa ya Afrika, wala hayakuigusa bandari yake. Basi biashara ikastawi hapo, silaha zikavushwa hadi Makran na Afghanistani. Waingereza wakauhofia mpaka wa Hindi, wakaleta manowari. Wafaransa wakaushika mkataba wao wa 1844. Mwaka 1912 Seyyid akaamuru silaha zote ziwekwe ghalani, zisitoke ila kwa idhini, naye akapewa fidia, rupia laki moja kwa mwaka. Fidia ilikuwa yake. Watu wa bara hawakupata kitu. Mei 1913 wakamsimamisha Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi, punde wakaitwaa Nizwa. Oktoba Seyyid akafariki, Mungu amrehemu, na vita havijaisha. Wafaransa hawakulikubali ghala hilo ila mwaka 1914, naye yumo kaburini.