Tshibumba Kanda Matulu: Mchoraji Aliyeihukumu Historia

Mwamba ngoma, walinena wahenga, huvutia kwake. Anayesimulia historia aghalabu huwapamba walio wake na kuwapaka masizi wasio wake. Sisi wa Kanduyi na Bungoma kwa jumla tunaifahamu vyema hali hiyo. Mtaje Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, mbele ya wazee watatu, nawe huenda ukasimuliwa watu watatu: nabii, shujaa wa ukombozi, na mkaidi asiyeambilika. Wakoloni walimweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari tangu 1945 hadi 1947, kisha wakamhamishia mbali na kwao kuanzia 1948 hadi 1961. Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku dini yake mwaka wa 1968. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kuchorwa vipi bila ya kudhulumiwa na mchoraji? Makala haya yanalitafuta jibu nje ya mipaka yetu, katika maisha ya msanii wa Kongo aliyetumia rangi, maandishi na lugha yetu ya Kiswahili kuihukumu historia ya nchi yake.

Maisha yake

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka wa 1947 katika mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, katika jimbo la Katanga. Ulikuwa mji wa migodi ya shaba, uliokusanya wafanyakazi kutoka pembe nyingi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Jamaa zake walikuwa Waluba wenye asili ya Kasai. Kwa hiyo, ingawa alizaliwa mjini humo, siasa za Katanga zingeweza wakati wowote kumkumbusha kwamba yeye ni mgeni. Mnamo tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliletwa katika mji huo na kuuawa karibu nao pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tshibumba alikuwa bado mvulana. Jambo hilo lilitendeka mlangoni pake, nalo likaja kuwa kiini cha sanaa yake.

Hakuwa msanii wa majumba ya makumbusho. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akazungusha picha zake nyumba kwa nyumba na kuwauzia watu wa kawaida kwa bei ndogo ili wazitundike sebuleni. Wateja walipenda mandhari, nguva wa hadithi na kumbukumbu za ukoloni, naye aliwachorea hayo ili apate riziki. Hata hivyo, hakuridhika kuitwa mchoraji tu. Alijiona kuwa mwanahistoria, na ndani ya picha zake aliandika majina, tarehe na maelezo.

Kiboko mkononi mwa nani?

Miongoni mwa picha zilizopendwa sana katika miji ya Katanga ni ile ya koloni la Ubelgiji. Tshibumba aliichora mara nyingi. Uani mwa gereza, mfungwa amelazwa kifudifudi. Askari anamchapa kiboko. Wafungwa wengine wamevaa sare za milia. Pembeni amesimama afisa Mbelgiji, kiko mdomoni, akitazama.

Mtazamaji wa haraka atasema kwamba picha hiyo inamshtaki mkoloni, naye hatakosea. Lakini hebu tuangalie tena. Anayekishika kiboko ni Mwafrika. Mzungu hajainua hata kidole. Mikono yake ni safi, ilhali amri ni yake. Basi mwenye hatia ni nani: aliyeamuru, au aliyetii? Na kama askari yule angekataa, je, asingelazwa chini yeye mwenyewe? Kikulacho ki nguoni mwako, na ukweli huo mchungu ulitundikwa sebuleni mwa watu ambao huenda baba zao walikuwa wafungwa, au walikuwa askari. Msanii hakutoa hukumu. Alimweka kila mmoja mahali pake, kisha akamwachia mwenye nyumba aamue.

Historia katika picha mia moja

Mwishoni mwa 1973, Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi, alimchorea historia nzima ya nchi, tangu kale hadi utawala wa Mobutu, katika picha zipatazo mia moja. Aliisimulia historia hiyo kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na mazungumzo yao yakarekodiwa. Kazi hiyo ilichapishwa katika kitabu mwaka wa 1996, na picha zikahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tropenmuseum mjini Amsterdam.

Hapa ndipo tunapouona upekee wake. Hukumu yake haikukaa katika rangi peke yake. Ilikuwamo katika mchanganyiko wa vitu vitatu: picha, maandishi na simulizi. Palipokuwa na hatari kuandika, picha ilisema. Picha ilipofumba, simulizi lilifumbua.

Tuchukue mfano wa picha yake ya kifo cha Lumumba. Maiti tatu zimelala chini. Nyuma yake kumesimama misalaba mitatu, kama Golgotha. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inatiririka na kuandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa mwaka wa 1966, kwa hiyo kumsifu hakukuwa kosa. Lakini Mobutu huyohuyo ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi Lumumba alipokamatwa mwaka wa 1960. Picha hiyo basi inatii na kushtaki kwa wakati mmoja. Anayemlinganisha marehemu na Kristo hawezi kukwepa swali la nani alikuwa Yuda, na nani alikuwa Pilato.

Hitimisho

Mapema katika miaka ya 1980 habari za Tshibumba zilikatika, asionekane tena. Mwaka wa 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba nchi hiyo ilikuwa na wajibu wa kimaadili katika kifo cha Lumumba. Mchoraji wa magunia alikuwa amekwisha kulileta shauri hilo barazani miongo kadhaa kabla.

Hatudai kwamba hakuwa na dosari. Alichanganya tetesi na matukio, na baadhi ya maelezo yake hayaafikiani na ya wanahistoria wa vyuoni. Yeye pia aliwamba ngoma. Ila nyani haoni kundule, na Tshibumba alijitahidi kulionyesha la kwao pamoja na la wageni.

Malori yanayopita Kanduyi kuelekea Malaba, mengine huishia Kongo. Safari hii tulete kitu kutoka huko. Atakapotokea kijana wetu wa kumchora Masinde, asitosheke na nabii wala mwendawazimu. Amchore daktari wa Mathari, amchore askari mzaliwa wa papa hapa aliyemfunga pingu, kisha atuachie picha hiyo ukutani.