Tabibu wa Macho Aliyecheza na Vivuli

Huko Homa Bay, na baadaye Migori, nimeona watu wazima wakisimama juani kumsikiliza kikaragosi cha kitambaa akitaja mambo ya Ukimwi ambayo baba hawezi kumtajia mwanawe. Mtindo huu wa kufundisha afya ulianza kuenezwa Kenya mwaka 1994, na katika zile wilaya za ziwani, ambako maradhi hayo yalizika watu wengi mno, ulikuwa na kazi. Niliporudi pwani, sheikh mmoja aliniuliza kwa upole kama huo si upuuzi, na pengine haramu. Jibu langu ni maisha ya mtu mmoja.

Shamsuddin Muhammad bin Daniyal alizaliwa Mosul, Iraki, yapata mwaka 1248. Alikuwa kijana Wamongolia walipouteka mji huo mwaka 1262, akahamia Misri. Mjini Kairo alifungua duka la utabibu wa macho ndani ya lango la Bab al-Futuh. Watu wakamwita al-Kahhal, mtia wanja. Mchana alitibu macho; ushairi na michezo ya vivuli ndivyo vilivyomletea jina.

(Neno letu karagosi, kwa njia, latokana na Karagöz, mcheshi wa mchezo wa vivuli wa Waturuki. Maana yake ni jicho jeusi. Tabibu wetu angelifurahia.)

Zama hizo Sultani Baibars alikuwa amepiga marufuku mvinyo na bangi, na kufunga nyumba za ufisadi. Ibn Daniyal akatunga shairi la kumlilia Ibilisi, maskini, aliyekosa kazi. Mzaha huo una makali pande mbili: wamsifu Sultani, na papo hapo wamcheka.

Michezo yake iliyotufikia ni mitatu. Katika wa kwanza, askari mmoja fasiki aitwaye Amiri Wisal aamua kutulia na kuoa. Somo Umm Rashid amtafutia mke, na siku ya harusi shela lafunuliwa: bibi harusi anatisha! Askari atubu na kushika njia ya Makka. Wa pili ni soko zima linalopita mbele ya taa: mganga wa nyoka, mpiga ramli, mfuga simba, kila mmoja na ulaghai wake. Wa tatu ni wa mpenzi aliyepagawa, hata Malaika wa mauti aingie na kicheko kikatike.

Sitaficha kwamba maneno yake mengine ni machafu. Ziko kurasa nisizoweza kuzisoma mbele ya wakwe. Lakini nani asemaye kweli ya soko kwa lugha ya mimbari? Wale wa Migori na Homa Bay nao walitumia ruhusa hiyo hiyo: kikaragosi hana haya, wala hana ukoo wa kuaibisha.

Na kuhusu dini, Ibn Arabi, aliyefariki Damascus mwaka 1240, aliuchukua mchezo wa vivuli kuwa mfano: watoto hucheka, mwenye akili hujiuliza ni nani aliye nyuma ya pazia. Wako pia waliosema kwamba sanamu lililotobolewa matundu si umbo kamili la kiumbe. Naiacha hukumu kwa wenye elimu. Nasema tu kwamba swali hili ni la zamani, na halikujibiwa kwa neno moja.

Ibn Daniyal alifariki Kairo mwaka 710 Hijria, yaani 1310 au 1311, Mola amrehemu. Maandishi ya michezo yake yalibaki katika nakala za mkono, na matini kamili ilichapwa mwaka 1992. Aliyeishughulikia kwa miaka mingi, Mjerumani Paul Kahle, alikuwa amekwisha kufa tangu 1964. Ndiye aliyezipata mwaka 1909, huko Menzala kwenye delta ya Nile, sanamu za ngozi za mchezo huu, zinazohesabiwa kuwa za zama za Wamamluki. Baadhi yake zimo katika Makumbusho ya Ngozi mjini Offenbach, Ujerumani. Miongoni mwa alizozipata imo merikebu na watu wake, imetobolewa matundu kila mahali ili mwanga upite.