Sidi Mubarak Bombay: Mtumwa aliyegeuka mpangaji wa misafara ya Tabora

KATIKA historia ya njia kuu ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji, majina yanayotajwa kwanza ni ya wageni: Burton, Speke, Stanley na Cameron. Hata hivyo, yupo mtu mmoja aliyetembea na wote wanne, akapanga wapagazi wao, akagawa posho yao na kuamua nani abebe nini. Huyo ni Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya utumwa, akapelekwa Kilwa na hatimaye kuuzwa magharibi ya India. Huko ndiko alikolipata jina la Bombay na kujifunza Kihindi. Bwana wake alipofariki, aliachwa huru. Alirejea Afrika Mashariki na kuingia katika jeshi la Sultani wa Zanzibar, akapangiwa ngome ya Chogwe, karibu na Pangani.

Ni hapo Richard Burton na John Speke walipomkuta mwaka 1857. Waingereza hao waliweza kuzungumza naye kwa Kihindi, lugha ambayo kabla ya hapo ilikuwa alama ya utumwa wake. Kuanzia siku hiyo lugha hiyo ikawa riziki yake.

Msafara uliondoka Kaole Juni 1857 na kufika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 7 mwaka huo, baada ya siku 134. Muda huo mrefu haukutokana na umbali peke yake. Msafara wa zama hizo ulikuwa fumbo la hesabu. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Fedha ya njiani ilikuwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na masango ya shaba, na vyote hivyo vilibebwa mabegani. Kila mpagazi aliyeongezwa alihitaji posho, posho ilinunuliwa kwa kitambaa, na kitambaa kilihitaji mpagazi mwingine wa kukibeba.

Juu ya hapo yalikuwepo masharti ya nchi yenyewe. Ugogo palikuwa na uhaba wa maji na hongo ya kulipa kwa kila mtemi. Kati ya Ugogo na Unyanyembe kulikuwa na Mgunda Mkali, nyika kavu iliyopasa kuvukwa na chakula cha siku kadhaa mkononi. Aidha, Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote, walikuwa pia wakulima, na msimu wa kilimo ulipowadia wengi walipendelea jembe kuliko mzigo. Aliyekosea kuchagua mwezi wa kuondoka alikwama.

Leo fumbo la namna hii ni tawi la hisabati. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich wa Leningrad alionyesha namna ya kugawa kazi za kiwanda kwa mitambo iliyopo, na mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akabuni kanuni ya kukokotoa mpango bora wa uzalishaji na usafirishaji. Lengo ni kupata gharama ndogo kabisa bila kuvunja sharti lolote. Bombay hakuwa na kanuni hiyo. Alikuwa na kumbukumbu, macho na ujuzi wa watu.

Faida ya msafara mwepesi ilionekana mwaka 1858. Burton akiwa mgonjwa Tabora, Speke na Bombay waliondoka Julai 9 na kundi dogo kuelekea kaskazini. Walifika kwenye ziwa ambalo Speke aliliita Victoria, wakarejea Tabora Agosti 25. Safari nzima ilichukua siku 47.

Safari ya pili ya Speke, akiwa na James Grant, ilionyesha upande mwingine. Walifika Tabora Januari 1861, lakini njaa pamoja na vita kati ya Waarabu na mtemi Manua Sera vilifanya wapagazi wasipatikane, na miezi mingi ikapotea. Ni katika safari hiyo ya kuelekea Nile ndipo Speke alimpiga Bombay na kumng'oa meno ya mbele. Pengo hilo alibaki nalo maisha yake yote.

Mwaka 1871 Henry Stanley alimfanya kapteni wa askari wake. Safari hii watu 192 waligawanywa katika makundi matano, yaliyoondoka Bagamoyo kwa zamu kati ya Februari 18 na Machi 21. Kundi dogo lilipata maji na chakula kwa urahisi na halikuchochea tamaa ya watoza hongo, ingawa ulinzi wake ulikuwa dhaifu. Stanley aliingia Unyanyembe Juni 23.

Hata hivyo, Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, na Agosti mwaka huo aliuchoma mji wa Tabora. Njia fupi haikupitika tena. Septemba 20 msafara uliondoka kwa kuzunguka kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo. Njia ilikuwa ndefu zaidi, lakini iliwafikisha Ujiji kwa Livingstone. Katika safari hiyo Bombay alionja tena fimbo, mara hii ya Stanley.

Mwaka 1873 alirudi Tabora na Verney Cameron. Wakiwa huko, Chuma na Susi waliwasili na mwili wa Livingstone. Bombay aliendelea mbele na Novemba 1875 msafara ukafika pwani ya Atlantiki, Angola.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku medali ya fedha na baadaye pensheni. Alifariki mwaka 1885. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mzigo wa kwenda pwani ukahama kutoka mabegani mwa Wanyamwezi kwenda kwenye mabehewa. Ziwa na mito vilivyofikiwa kwa mipango yake viliandikwa kwa majina ya wengine, na wapagazi aliowahesabu kila alfajiri, wengi wao, hawakuandikwa kabisa.